Kobe Hapimwi kwa Miaka



Juma hili tumepokea barua ya dada yetu mmoja, mzaliwa wa Mwambao, anayeishi na mumewe na watoto wake huko Kamere, kando ya Ziwa Naivasha, mahali ambapo watu wengi wamefuata kazi za mashamba ya maua. Anatueleza kuwa watoto wake wanafuga kobe wawili uani. Waliwaokota msimu wa mvua, yapata miaka minne sasa, kando ya njia iendayo Hifadhi ya Hell's Gate, nao walikuwa wadogo hata wakienea kiganjani. Siku hizi mmoja ameanza kumsukuma mwenziwe na kumpanda mgongoni. Watoto wamefurahi na wamekwisha kuchimba shimo la kuwekea mayai. Jirani naye amesema kuwa wapo watu mjini wanaonunua vitoto vya kobe kwa bei nzuri. Na wifi yake aliyeko Mombasa, ambaye ana kobe wa umri huohuo lakini mkubwa zaidi, ametaka mmoja wao apelekwe huko kwa basi ili apate joto na kuzaa upesi.

Dada yetu anauliza mambo matatu: Je, kobe hawa wamebaleghe? Je, ni dume na jike kweli? Na mayai yakija, afanyeje? Tutayajibu yote matatu, kisha tutaongeza la nne ambalo hakuliuliza, nalo ndilo zito kuliko yote.

Wapo wazazi wanaoona haya kuzungumza na watoto habari za uzazi, hata uzazi wa wanyama. Sisi twaona kuwa mtoto ambaye kila siku humwona jogoo na tetea uani hadhuriki kwa kuelezwa ukweli kwa maneno ya adabu. Kinachomdhuru ni kuachwa ajijazie mwenyewe asichokijua, kama walivyojijazia watoto hawa wa Kamere walipoona mpandano wakangojea mayai.

Tuanze na umri. Sisi wanadamu tumezoea kuhesabu miaka, tukasema mtoto huyu ametimiza kadhaa, basi amekaribia utu uzima. Kobe hana hesabu hiyo. Yeye hubaleghe kwa ukubwa wa mwili, na ukubwa huo hutokana na chakula na joto alilolipata. Damu yake haijipashi moto kama yetu. Joto lake huliazima kwa jua. Asubuhi hujianika hadi mwili uchangamke, ndipo akatafuta majani. Kukiwa na baridi hali sana, na asipokula hakui. Sasa Kamere iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa huko ni wa shuka nzito. Mombasa ni pwani, na joto lake twalijua sote. Basi kobe wawili walioanguliwa mwaka mmoja, mmoja akakulia Kamere na mwingine Mombasa, hawawezi kuwa sawa kwa umbo, wala hawatapevuka siku moja. Wa Kamere si mgonjwa, wala dada yetu hakumlea vibaya. Anakwenda kwa mwendo wa nchi yake.

Kobe wa upande huo wa Bonde la Ufa kwa kawaida ni yule mwenye gamba la manjano lililotapakaa madoa meusi mfano wa ngozi ya chui, ambaye wataalamu humwita Stigmochelys pardalis. Porini, kobe huyu huchukua kiasi cha miaka 12 hadi 15 kufikia umri wa kuzaa. Akifugwa na kulishwa kila siku pasipo kiangazi, huweza kufika hapo kwa karibu nusu ya muda huo. Lakini kukua upesi si lazima kuwe ni kukua vyema. Kobe anayeshibishwa mkate, ugali au mabaki ya nyama huweza kunenepa huku gamba lake likiota vilima na viungo vyake vya ndani vikidhoofu, kwa kuwa Mola alimuumbia nyasi na majani magumu. Wala asidhani mtu kwamba atahesabu mistari ya gamba ajue miaka. Mistari hiyo hufuata vipindi vya shibe na njaa, na mwaka mmoja huweza kuacha zaidi ya mstari mmoja. Kwa kobe wa miaka minne aliyekulia baridini, jibu la swali la kwanza ni kwamba hajabaleghe, na bado sana.

Swali la pili lahusu dume na jike. Ikiwa hawajabaleghe, kule kupandana ni nini? Kobe hupandana kwa sababu nyingi, na uzazi ni mojawapo tu. Kobe wachanga hupandana kwa kugombea ukubwa, yaani nani ale kwanza na nani akae kwenye jua zuri. Dume humpanda dume mwenziwe. Wengine hupanda jiwe, na wengine hukipanda kiatu kilichoachwa mlangoni. Kusukumana kwa gamba na kuuma miguu ni lugha ya ubabe kabla ya kuwa lugha ya ndoa.

Alama za kweli huonekana mwili ukishakomaa. Dume ana mkia mrefu na mnene, na gamba lake la chini, lile la tumboni, limebonyea kidogo kwa ndani ili apate kukaa juu ya mgongo wa jike asiteleze. Jike ana mkia mfupi, na tumbo lake ni bapa. Kabla ya hapo, kubashiri ni kama kubashiri jinsia ya kifaranga cha siku moja.

Wala makosa haya si ya watoto wa Kamere peke yao. Katika kisiwa cha St Helena, katikati ya bahari ya Atlantiki, yupo kobe mkubwa aitwaye Jonathan, anayekadiriwa kuwa alianguliwa mwaka 1832 au karibu na hapo. Mwaka 1991 alipewa mwenzi akaitwa Frederica, na watu wakangoja watoto. Hawakuja. Mwaka 2017, daktari wa mifugo alipokuwa akilitibu gamba la Frederica, ikaonekana kuwa huenda naye ni dume. Ikiwa kisiwa kizima chenye daktari wake kilikaa na shaka miaka 26, dada yetu asijilaumu kwa kutojua.

Hata hivyo, asilidharau analoliona. Yule anayesukumwa anateseka. Porini kobe asiyetaka kusumbuliwa huenda zake, na kichaka kimoja chatosha kumficha. Uani hana pa kwenda. Atasukumwa hadi aache kula, atang'atwa miguu, na pengine atapinduliwa chali juani, na kobe aliyekaa chali kwa muda mrefu hufa. Kwa hiyo la kufanya leo hii, kabla ya jua kuzama, ni kuwatenganisha. Kipande cha ubao au safu ya mawe yatosha, mradi wasionane. Na hata baadaye, walio na kibali cha kufuga wajue kuwa dume mmoja na jike mmoja katika ua mwembamba si jozi ya furaha. Jike hapati pumziko.

Tuje kwenye mayai, kwa faida ya wote. Jike wa kobe mwenye madoa akishapevuka hutafuta udongo alioridhika nao, huulowesha kwa maji ya kibofu chake, kisha huchimba kwa miguu ya nyuma pasipo kuangalia nyuma hata mara moja. Hutaga mayai ya mviringo, yenye ganda gumu, baina ya 5 na 30, akayafukia, akaushindilia udongo kwa tumbo lake na kwenda zake. Haatamii. Mlezi wa mayai hayo ni ardhi yenyewe. Nayo hukaa ardhini miezi 8 hadi 15, kwa kadiri ya joto. Penye baridi hukawia zaidi. Mama anayehesabu miezi tisa ya mimba na kuiona mirefu, ajue kuwa yupo anayengoja zaidi yake. Kwa aina nyingi za kobe, joto hilohilo la udongo ndilo huamua jinsia: penye joto zaidi hutoka majike, na penye ubaridi hutoka madume. Kisha vitoto hungoja mvua iulainishe udongo ndipo vitoke.

Hapa pana mambo matatu ambayo wafugaji wa kuku hukosea, kwa kuwa hufuata desturi ya kuku. La kwanza, kuku hugeuza mayai yake kila siku, na kina mama wamezoea kufanya vivyo hivyo. Yai la kobe halifai kugeuzwa. Kiini cha uhai hushikamana na ganda muda mfupi baada ya kutagwa, na ukiligeuza umekiua. La pili, jike huweza kutaga hata pasipo dume, mayai yasiyo na uhai, na tena huweza kuihifadhi mbegu ya dume ndani ya mwili wake kwa muda mrefu baada ya kutengana naye. Basi yai si ushahidi wa jambo lililotokea jana. La tatu, nalo ni la hatari, jike aliyebeba mayai asipopata udongo wa kuchimba huyazuia tumboni, nayo huweza kumuua. Uani kwenye sakafu ya saruji, jike mpevu yuko katika hatari hiyo kila msimu, na wenye nyumba hawana habari. Huonekana ametulia, ameinamisha kichwa. Husemwa kwetu kuwa ukimwona kobe ameinama ujue anatunga sheria. Kumbe huyu anakufa.

Sasa tufike kwenye lile la nne. Dada yetu hakutuuliza kama kobe hawa wana haki ya kuwa uani kwake, lakini swali hili limezaliwa na yale matatu ya kwanza. Ikiwa kobe huchukua miaka 12 au 15 hata azae, na ikiwa mayai yake hukaa mwaka mzima ardhini yakitafutwa na nguchiro na kila mwenye njaa, na vitoto vichache mno ndivyo hufikia utu uzima, basi kila kobe mmoja anayeokotwa njiani ni hasara ambayo kilima kile hakiwezi kuilipa upesi. Kuku akiibwa, mwaka ujao banda limejaa tena. Kobe hajazwi hivyo.

Ushahidi wa haya uko karibu nasi, katika kisiwa cha Changuu, mkabala na Mji Mkongwe wa Zanzibar. Mwaka 1919 waliletwa huko kobe wanne wakubwa wa Aldabra, zawadi kutoka Shelisheli. Walistawi, na kufikia mwaka 1955 walikuwa 200. Kisha watu wakaanza kuwaiba, wengine kwa ajili ya kitoweo na wengine kwa kuwauza ng'ambo wakafugwe majumbani. Mwaka 1988 walibaki 100 hivi, mwaka 1990 walikuwa 50, na mwaka 1996 wakahesabiwa saba tu. Mwaka huohuo vililetwa vitoto 80 ili kuwaongeza, na 40 kati yao vikatoweka. Hatimaye serikali ya Zanzibar, kwa msaada wa shirika la kimataifa la kuwatetea wanyama, ilijenga ua mkubwa wa kuwalinda, ndipo idadi ikaanza kupanda. Tazameni hesabu hiyo: ilihitaji zaidi ya miaka 30 kutoka wanne hadi 200, na miaka minane kutoka 100 hadi saba. Kobe wa Aldabra huhitaji miaka 20 hadi 30 kupevuka. Aliyemwiba jike mmoja mpevu aliiba miongo ya kungoja.

Hali ni ngumu zaidi kwa yule kobe mdogo wa miamba, mwenye gamba bapa kama chapati, apatikanaye Kenya na Tanzania. Yeye hutaga yai moja tu kwa kila mtago. Biashara ya kumfuga nchi za nje imemmaliza kiasi kwamba mwaka 2019 mataifa yalikubaliana kumtia katika orodha ya juu kabisa ya viumbe ambao biashara yao imepigwa marufuku. Wanunuzi "wa bei nzuri" ambao jirani wa Kamere anawasifu ndio mwanzo wa njia hiyo.

Na sheria ya Kenya iko wazi. Chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013, kobe wa porini ni mnyama wa pori kama alivyo twiga, na kumweka nyumbani au kumuuza pasipo kibali ni kosa lenye adhabu nzito ya faini au kifungo. Asiseme mtu kuwa serikali haijishughulishi na vidudu. Mwaka 2025, katika nyumba ya wageni hukohuko Naivasha, vijana wawili wa Ubelgiji walikamatwa na chungu wapatao 5,000 waliowatia ndani ya vichupa. Mahakama iliwatoza faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au kifungo cha miezi 12. Ikiwa chungu wana hesabu yao, kobe pia anayo. Dada yetu na mumewe wanaishi kwa ujira wa kila mwezi. Nyumba yao haistahimili mashtaka kwa jambo lililoanza kwa huruma ya watoto.

Na tukilitazama kwa jicho la dini, twakumbuka ile habari mashuhuri ya Mtume, rehma na amani zimshukie, kuhusu mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka, aliyemfungia asimlishe wala asimwache ajitafutie mwenyewe. Wengi hushika neno la kunyima chakula wakasahau lile la pili. Kobe wa Kamere wanalishwa, alhamdulillah. Lakini uwezo wa kwenda watakako, wajichagulie jua, kivuli na udongo, nao ni sehemu ya riziki yao.

Basi tunamnasihi dada yetu hivi. Asiwaachilie mwenyewe kondeni. Kobe aliyekaa miaka minne uani huenda amebeba maradhi ambayo wenzake wa porini hawana, na mahali asipopajua huweza kumshinda. Aliyeokotwa leo hurudishwa palepale alipotoka leo. Huyu wa miaka minne apelekwe kwa wenye elimu. Wala asimtie ndani ya basi kumpeleka Mombasa, kwani hapo kosa la kufuga linaongezewa la kusafirisha. Yeye na mumewe waende katika ofisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, katika lango la Hell's Gate, ambalo haliko mbali na Kamere, waeleze kwa ukweli jinsi kobe walivyopatikana, na wafuate watakaloelekezwa. Anayekuja mwenyewe na kusema kweli hafanani na anayekutwa akificha. Wifi yake wa Mombasa naye afanye vivyo hivyo kwa kobe wake. Joto la pwani halimpi kibali.

Hadi siku hiyo, awaweke mbalimbali, kila mmoja na kivuli chake, udongo wa kuchimba, bakuli la maji la kina kifupi, na nyasi na majani pasipo mkate wala ugali. Watoto wanawe mikono kwa sabuni kila wanapowagusa, kwani kobe hubeba vijidudu vya kuharisha pasipo kuugua yeye mwenyewe, na wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano ndio huumia zaidi. Wasioshwe katika sinki la jikoni.

Huzuni ya watoto ni ya kweli, na isidharauliwe kwa kuambiwa "ni kobe tu". Waelezwe kuwa wanamrudisha mtu wa watu kwao. Hell's Gate ni miongoni mwa hifadhi chache nchini ambamo watu huruhusiwa kutembea kwa miguu na kwa baiskeli, basi baada ya mvua wapelekwe wakawatazame kobe wakitembea kwenye nyasi zao. Na wakija likizo Mombasa, wapelekwe Haller Park pale Bamburi, waoneshwe kobe wakubwa wa Aldabra, na wasimuliwe kisa cha Mzee, kobe wa hapo aliyefuatwa kila aendako na Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa Malindi mwezi wa Disemba 2004 baada ya ile gharika ya bahari. Watajionea kobe aliyekomaa alivyo, na wataelewa kwa nini wale wao wa miaka minne walikuwa bado watoto, kama wao.

Yule jirani mwenye habari za wanunuzi naye asomewe makala haya. Pengine hajui kuwa kitoto anachotaka kukiuza leo kingezaa wakati mtoto wake mwenyewe amekwisha kuoa.

Wabillahi tawfiq.